Mtunza Mikanda wa Chumba cha Uani

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aliyeliumba jicho na kulipa kope za kulifumba, ambaye hakuna tendo la mja linalompotea hata kama halikuwa na shahidi. Yeye hahitaji taa wala kioo kuyaona yaliyopita. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, na jamaa zake, na kila aliyemfundisha mwenzake herufi moja. Baada ya shukrani hizo, naanza.

Nataka kumweleza mwanamke mmoja niliyeishi naye jirani hapa Tabora kwa miaka mingi. Jina lake sitaliandika. Aliniomba hivyo mwenyewe, akicheka, siku nilipomwambia kwamba ipo siku nitaandika habari zake. Alisema, "Andika mikanda, Maalimu. Mimi niache nje ya kopo." Kwa hiyo humu nitamwita Mtunza Mikanda, maana hiyo ndiyo kazi aliyoifanya tangu ujana hadi macho yalipomwacha. Alitunza sinema za zamani, zile zilizopigwa kwenye ukanda mrefu, ukazungushwa kwenye gurudumu na kufungiwa ndani ya kopo la bati. Na katika mojawapo ya makopo hayo alikuwamo mama yangu.

Mama yangu alifariki kabla sijajua kutamka jina lake. Hakuacha picha. Aliyenilea ni mama mdogo, ndugu yake wa tumbo moja, kule Bukene, na ni yeye aliyeniambia tangu nikiwa mdogo: "Mama yako alipigwa sinema. Walishuka kwenye treni ya Mwanza na mashine yao ya miguu mitatu, wakatupiga sisi wanawake tuliokuwa tunauza stesheni. Mama yako alikuwa na sinia la mayai kichwani na wewe mgongoni." Nilikua na maneno hayo. Nilisoma chuoni nayo, nikaoa nayo, nikawa mwalimu wa madrasa nayo. Nilijua kwamba mahali fulani duniani kuna mkanda wenye uso wa mama yangu, na sikujua uko wapi, mpaka siku mwanamke huyu alipobisha hodi kwangu akitafuta chumba.

Kwanza alikuwa akinuka siki. Ndivyo watu walivyomjua mtaani kabla ya kumjua kwa sura. Mikanda ya zamani ikizeeka vibaya hutoa mvuke mkali kama siki ya achari, na mvuke huo huingia kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye kitabu cha nyimbo alichokwenda nacho kanisani kwao, maana alikuwa Mmoraviani na aliimba sauti ya pili kwenye kwaya. Mke wangu alimpa mkaa wa kuweka kabatini ili unyonye harufu. Akaupokea, akashukuru, akaenda kuuweka chumba cha mikanda.

Hakusema kwamba mkanda umeharibika. Alisema unaumwa. Mikanda aliigawa katika makundi mawili, wazima na wagonjwa, na aliniambia siku ya kwanza kwamba wagonjwa hawalali chumba kimoja na wazima, kwa sababu ugonjwa huo unaambukiza kwa hewa. Wazima alikuwa nao kwenye chumba alichoachiwa karibu na ofisi yake ya zamani. Wagonjwa ndio aliokuwa akiwatafutia mahali.

Chumba changu cha uani kilikuwa stoo ya nta na asali enzi za babu wa mke wangu. Kuta zake ni za udongo, unene wa dhiraa nzima, na madirisha mawili yanatazamana. Hata Oktoba, wakati bati la nyumba kubwa linapolia kwa joto, mle ndani pana ubaridi. Aliingia, akasimama katikati, akafumba macho, akavuta pumzi.

"Chumba hiki kinapumua," akasema. "Nipe hiki."

"Hujauliza masharti, mama."

"Masharti yangu ndiyo magumu, Maalimu. Yako nitayaweza."

Masharti yake yalikuwa haya. Asubuhi baada ya sala yangu ya alfajiri, madirisha yafunguliwe. Saa nne, kabla joto halijaingia, yafungwe. Jioni yafunguliwe tena. Chai isiingie humo, wala mkono wenye mafuta. Akawa anakuja kila siku, anavaa glavu nyeupe za pamba, anakaa mezani na kuuzungusha mkanda kwa mkono polepole, akiutazama kipande kwa kipande kwenye mwanga wa dirisha. Palipokatika anaunga. Palipopinda anapanyoosha. Kisha anaandika kwenye daftari kwa penseli: harufu yake ikoje, umesinyaa kiasi gani, umekatika wapi na wapi. Kalamu ya wino hakuitaka, alisema wino unachuja. Na ukimuuliza hali ya mkanda wowote, hakukujibu mpaka alifungue daftari. "Kichwa changu kinaongeza chumvi," alikuwa akisema. "Penseli haiongezi."

Watoto wangu wa madrasa walimwita Mama Makopo. Walikuwa wakipita dirishani na kumchokoza.

"Mama Makopo, leo unapika nini?"

"Nawapika babu zenu. Wakiiva nitawaita."

Walikimbia wakicheka, lakini wengine walirudi kuchungulia kama ni kweli.

Alipenda asali kuliko mtu yeyote niliyemjua, hata sisi tuliozaliwa kwenye nchi ya asali. Aliila kwa kidole, akiwa amekaa kizingitini nje ya chumba, kisha akaenda kunawa mara tatu mpaka kwenye viwiko. Siku moja nikamtania kwamba amebakiza kichwa na miguu tu aje tusali naye.

"Maalimu," akasema, "wewe unanawa mara tano kwa siku. Mimi nimekwisha kunawa mara tisa na bado si adhuhuri. Nani mcha Mungu hapa?"

Nimetaja asali, na sitaki kuiacha habari ya mfuga nyuki wa Ntalikwa, kwa sababu nilikuwapo. Zamani, magari ya sinema yaliyokuwa yakizunguka vijijini yaliposimamishwa, mikanda mingi ilitapakaa. Watu waliifanyia kazi zao. Mwingine alifungia mbuzi, mwingine ua. Mtunza Mikanda alisikia kwamba huko Ntalikwa kuna mzee aliyefungia mizinga yake ya magogo kwa mkanda, akaniomba nimsindikize kwa kuwa mzee huyo alikuwa mtu wa msikitini kwetu. Tulimkuta anatengeneza mzinga. Baada ya shikamoo na marahaba, mama akaenda moja kwa moja kwenye mti, akaushika mkanda uliokuwa umezunguka gogo, akaunusa.

"Huyu ni mzima," akaniambia, macho yamemtoka kwa furaha.

Mzee akauliza, "Nani mzima?"

"Huyu uliyemfungia mzinga, baba. Hii siyo kamba. Humu mna watu."

Mzee akauangalia mkanda, akaniangalia mimi. "Maalimu, umeniletea nani?"

Mama akaukunjua kidogo, akauelekeza juani, akamwita mzee aje atazame. Mzee akafinya jicho. Kwenye vile vidirisha vidogo, kimoja baada ya kingine, alikuwamo mwanaume anapepeta mtama kwenye ungo. Mzee alitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyekamatwa na kosa, "Mimi nimemnyonga huyu miaka yote hii?"

"Hukumnyonga. Ulimhifadhi juu ya mti, hakupata maji. Wengine waliwekwa kwenye kabati la serikali wakaoza."

Mzee alikubali kuufungua, ila kwa sharti la kuletewa kamba ambayo nayo haiozi. Tuliporudi na kamba ya katani aliikagua akasema haifikii ile ya kwanza. Mama alicheka njia nzima ya kurudi mjini.

Mtu akisoma hapa atadhani aliipenda sinema. Hakuipenda. Nimemwona akilala usingizi kabisa, mdomo wazi, wakati sinema aliyoiokoa yeye mwenyewe ikionyeshwa ukumbini. Nilipomuuliza alisema kutazama ni kazi ya wengine. Yeye alijiita mpagazi. Sisi wa Tabora tunalijua neno hilo vizuri, maana mji huu ulikuzwa na mabega ya wapagazi waliopita hapa na mizigo ya watu wengine kwenda pwani na kurudi. "Mpagazi hafungui mzigo," alisema. "Anaangalia umefungwaje, anaubeba, anamkabidhi wa mbele. Wa nyuma yangu wamekwisha kufa. Wa mbele hawajazaliwa. Mimi niko njiani tu, Maalimu, na mzigo uko kichwani."

Pamoja na hayo, alikuwa na tabia isiyo ya mpagazi hata kidogo. Hakukubali mkanda uingie kwenye daftari bila jina la mtu. Makaratasi yaliyobandikwa kwenye makopo yaliandikwa na wageni, na yalisema: wenyeji wakicheza ngoma, wanawake wakitwanga, wapita njia. Yeye alikuwa akikata mstari. Kwenye mikanda iliyo mizima alichapisha picha chache, akapanda nazo treni hadi kwenye stesheni iliyotajwa, akakaa na wazee, akauliza: huyu ni nani, na huyu? Alirudi na jina moja, mara mawili. Siku nyingine alirudi bila kitu, na siku hiyo hakuongea na mtu. "Mtu asiye na jina kwenye daftari langu," alisema, "bado anatembea. Hajafika kwao."

Mikanda hiyo aliipataje? Hilo nalo nilielezwa kwa vipande. Alianza kama mpiga chapa katika ofisi moja iliyokuwa na gari la sinema. Baadaye akapewa ufunguo wa kabati la mikanda kwa kuwa hakuna mwingine aliyeutaka. Siku ilipokuja amri ya kuichoma mikanda yote kwa kuwa inanuka na imepitwa na wakati, shimo lilikuwa limekwisha kuchimbwa. Yeye akaenda kwa mkubwa wake akasema, "Bwana, nitakusaidia kuitupa." Akatia saini kwamba ameipokea kwa ajili ya kuitupa. "Na nikaitupa," aliniambia. "Nimeitupa ndani ya mikokoteni minne, nikaenda nayo nyumbani." Tangu hapo ndiyo ikawa kazi yake. Ofisi ilibadilika jina, wakubwa walikuja na kuondoka, baadaye akatambuliwa na kuajiriwa kwa kazi hiyohiyo aliyoanza kwa kutotii. Alitubu kwa ajili ya saini ile, alisema, lakini alitubu mara moja tu.

Sasa nifike kwa mama yangu.

Alikuwa amekaa kwenye chumba changu miezi kadhaa kabla sijathubutu kumweleza. Nilimweleza asubuhi moja akiwa kizingitini na asali yake. Alinawa, akaingia, akafungua daftari, akapitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa. Kisha akasimamisha kidole.

"Reli," akasoma. "Bukene. Wanawake wauza mayai na karanga, stesheni."

Nilishika mlango.

"Upo humu?"

"Upo humu. Ni mgonjwa."

Nikamwomba auweke kwenye mashine yake ya kuonyeshea nimwone mama yangu, hata kwa dakika moja. Alifunga daftari.

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Umesinyaa. Matundu yake ya pembeni hayalingani tena na meno ya mashine. Ukipita mara moja utakatika vipande. Utamwona, ndiyo. Halafu hakuna mwingine atakayemwona."

"Mimi ndiye mwanawe wa pekee. Mwingine nani?"

"Wajukuu wako. Na wale wanawake wengine wa stesheni nao walikuwa na watoto, Maalimu. Nao hawajui kwamba mama zao wako kwenye chumba chako."

Nilikasirika. Nakiri. Nilikaa siku tatu nikimsalimia kwa kichwa tu. Siku ya nne akaja na tiketi ya treni ya Bukene mkononi, akasema anakwenda kumwona mama yangu mdogo, niandike barua ya kumtambulisha. Alikaa na bibi huyo siku mbili. Alirudi na daftari limejaa. Aliandika kwamba mama yangu alibeba sinia bila kulishika, kwa kuwa mikono yake ilikuwa nyuma ikimtegemeza mtoto. Aliandika kwamba aliuvuta kidogo mguu wa kushoto, uliokatwa na jembe utotoni. Aliandika jina lake kamili, na jina la baba yake. Mama mdogo alifariki mwaka uliofuata. Kama asingeandika siku ile, hakuna mtu duniani ambaye angeweza kumtambua mama yangu kati ya wanawake wale.

"Ngoja," aliniambia. "Kuna namna ya kuupiga picha kidirisha kimoja kimoja bila kuupitisha kwenye mashine. Sina vifaa. Nitavipata. Wewe ngoja tu, na ufungue madirisha."

Niliyafungua. Miaka mingi niliyafungua. Na sasa lazima niseme siku ambazo sikuyafungua.

Alikwenda Dar es Salaam kwa mafunzo ya wiki sita, akaniachia ufunguo. Wiki tatu nilifuata masharti kama ninavyofuata saa za sala. Kisha ikafika ndoa ya binti yetu. Mke wangu akaja uani akakunja pua.

"Baba Zuhura, wakwe wanakuja Alhamisi. Harufu hii watadhani tumewafichia maiti."

Nilifunga madirisha yote mawili nikaziba nyufa kwa matambara. Halafu nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nanyamaza katikati ya maneno. Nilichukua chetezo, nikaweka mkaa, udi mzuri na ubani, nikakifukiza chumba kile mlango ukiwa umefungwa. Nilifanya hivyo siku tatu. Na sikufanya kwa ajili ya wakwe peke yao. Mwanamke huyu alikuwa ameniambia kila siku kwamba hao ni wagonjwa, na mimi kwetu mgonjwa tunamfukizia, tunamsomea. Nilisimama mbele ya rafu nikasoma dua ya shifaa, nikiliangalia kopo la Bukene. Harufu ilipokuwa nzuri, nikaona ni bora iendelee. Sikufungua tena mpaka aliporudi.

Alifika mlangoni na mfuko wake wa safari begani, akanusa.

"Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki, mama. Tumefungisha ndoa."

Akaingia. Nilisikia makopo yakifunguliwa, moja, jingine, jingine. Yalikuwa yameingia kutu ndani. Mikanda mingine ilikuwa imegandamana kama sega lililokauka, mingine imetoa unga mweupe. Ule mvuke uliokuwa ukitoka dirishani ulikuwa umezuiwa ndani, ukawala. Alitoka baada ya muda, glavu zimechafuka.

"Umewafungia na ugonjwa wao, Maalimu," akasema.

Hakupandisha sauti. Siku saba alifanya kazi bila kuimba, na kwa kawaida huimba. Siku ya nane akaniambia, "Kumi na mmoja wamekwenda." Sikuuliza kama Bukene ni miongoni mwao. Naye hakusema. Jioni ile, nilipodhani atachukua ufunguo wake na kuhama, aliutundika kwenye msumari wake uleule ukutani kwangu, akasema, "Kesho alfajiri, usisahau." Angenitukana ningepona mapema zaidi.

Tuliishi hivyo miaka mingine. Tulicheka kama zamani, tulisaidiana kwenye misiba ya pande zote mbili, alikuja Idi na mimi nilikwenda Krismasi. Lakini swali lile lilikaa kati yetu kama mtu wa tatu, na kila mmoja alimpisha akae vizuri.

Alipostaafu, mikanda mizima ilichukuliwa kwenda kuhifadhiwa mahali pakubwa zaidi. Wagonjwa hakuna aliyewataka. Alifunga waliobaki kwenye masanduku mawili ya mbao yenye matundu, akapanda nao treni kwenda Kaliua, kwa mpwa wake, binti aliye mwalimu wa sekondari. Nilimsindikiza stesheni. Alipokuwa dirishani nilitaka kuuliza. Treni ilikaa sana siku ile, muda wa kuuliza ulikuwepo tele. Nikamuuliza kama ana maji ya kunywa njiani.

Chumba kikabaki kitupu. Mke wangu alitaka tukirudishe kuwa stoo, kisha naye, Allah amrehemu, akatangulia. Mimi niliendelea kuyafungua madirisha baada ya alfajiri, na saa nne kuyafunga. Mpaka leo naendelea. Harufu ya siki haijatoka kwenye udongo. Asubuhi za Juni, baridi ikiwa kali, huwa nasimama pale mlangoni kidogo, na nakosa watu wawili kwa pamoja, mmoja niliyemjua sana na mmoja nisiyemjua kabisa.

Mwaka jana mpwa wake akanipigia simu. "Shikamoo babu. Shangazi anasema uje. Anasema ulete miwani yako, yake haimsaidii tena."

Nilipanda treni. Nilimkuta kwenye kiti cha kamba barazani, mwembamba, kichwa amekiinamisha upande kama anayesikiliza. Mtoto wa jicho alikuwa amefunika macho yote mawili. Nilisimama mbele yake kimya. Akanusa.

"Karibu, Maalimu. Bado unafukiza udi."

"Nguo tu, mama. Nguo tu."

Tulicheka, kisha tukashikana mikono kwa muda mrefu. Mikono yake ilikuwa laini bila glavu, na ilinata kidogo. Asali.

Akanieleza. Mpwa wake alikuwa ameazima kamera, wakatengeneza meza ya kioo yenye taa chini, na kwa miezi mingi, kila alasiri baada ya shule, binti alipiga picha kidirisha kimoja kimoja huku shangazi yake amekaa kando, akiushika mkanda kwa ncha za vidole na kumwambia hapa polepole, hapa subiri, hapa umepinda. Vidirisha ishirini na nne kwa sekunde moja ya maisha. "Yeye ndiye macho," alisema. "Mimi ni pua na vidole. Kaa. Vaa miwani."

Binti akaweka kompyuta yake mezani, akabonyeza.

Palikuwa na stesheni. Palikuwa na moshi, na wanawake wamejipanga kando ya reli, picha ikitetemeka, mistari ikishuka kama mvua. Mmoja alikuwa anakuja kutoka upande wa kulia, sinia kichwani, mikono yote miwili nyuma. Alikuwa akivuta mguu wa kushoto. Sikuhitaji kuambiwa. Nilisikia sauti ikitoka kwangu na sikujua ni neno gani.

Akaja, akaja, akaiona mashine. Akasimama. Mkono mmoja ukatoka nyuma, ukakamata upindo wa khanga, akauvuta usoni, akageuka ubavu. Mtoto mgongoni akaelekea kamera, macho yamemtoka.

"Aliyekodoa macho ni wewe," alisema Mtunza Mikanda, akitazama mahali ambapo hakuona kitu. "Binti amenieleza. Anasema hujabadilika."

Kisha mama yangu akaanza kugeuka tena. Khanga ikaanza kushuka, likaonekana paji la uso, na nyusi moja. Na hapo picha ikachemka mapovu meupe, ikawa nyeupe yote, ikaisha.

Niliomba nione tena. Binti akarudia mara nne. Kila mara nyusi ile moja, kisha weupe. Nikavua miwani. Na swali nililolibeba miaka yote likatoka lenyewe.

"Mama. Hapo mwisho. Ni udi wangu?"

Aligeuza uso upande wa sauti yangu.

"Hapana. Pale palikuwa pameoza kabla sijakupa ufunguo."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Ningekuambia wakati ule ungesema nakubembeleza. Nikaona umwone kwanza." Akapapasa chini ya kiti, akatoa daftari lile, jalada limeisha rangi, akaninyooshea. "Mimi siwezi kulisoma tena. Ukurasa wa Bukene una kona iliyokunjwa. Soma mwenyewe, niliandika siku ya kwanza kabisa."

Nililipokea. Nililiweka mapajani. Kona iliyokunjwa niliiona. Katika miaka yote niliyomjua, ile ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitaja hali ya mkanda alioukwisha kuuandika bila kulifungua daftari kwanza, yeye aliyesema kichwa chake kinaongeza chumvi. Nilimtazama, macho yake meupe yakiwa yameelekezwa kwangu, akisubiri bila haraka, kama alivyosubiri maisha yake yote. Nikaweka kiganja juu ya jalada.

"Umesoma?"

"Sijasoma. Nimekwisha kusikia."

"Huiamini penseli yangu?"

"Nakuamini wewe, mama."

Nikamrudishia mikononi. Alilishika kifuani, akatikisa kichwa, akamwambia binti atuletee asali. Tulikula kwa vidole, tukanawa mara tatu, yeye kwanza. Jioni nilipanda treni ya kurudi Tabora. Alfajiri nikasali, nikafungua madirisha ya chumba kitupu.

Uso wa mama yangu sikuuona, na namshukuru Mungu kwa nyusi ile moja. Iliyobaki naitumaini huko ambako hakuna kinachooza.

Nawe uliyevumilia kusoma hadi hapa, Mwenyezi Mungu akuhifadhie wale unaowapenda, waliokuacha na utakaowaacha. Asiruhusu majina yao yapotee njiani, akujaalie mtu mwema wa kukupokelea mzigo wako mwisho wa safari, na siku ya kukutana awafunulie nyuso zenu mkiwa salama. Amin.